Mlima Ulioonekana kutoka Karagwe, na Pembe Iliyokosekana

Kama umewahi kulala Nyakatuntu kipindi cha mvua, unajua asubuhi yake. Ukungu umejaa mabondeni, migomba inatoa vichwa tu, halafu hewa ya juu inakuwa safi hadi unashangaa. Ukipanda kilima wakati huo na kutazama magharibi, ng'ambo ya Mto Kagera, unaona vilima vya Rwanda vimepangana kimoja nyuma ya kingine. Na siku chache sana, hewa ikikubali, nyuma ya vyote hivyo vinatokea vilele vyenye ncha ambavyo havifanani na vilima vingine. Hiyo ni Virunga, milima ya volkano.

Sasa swali, nami naomba ulichukulie kwa uzito: iko umbali gani?

Usikimbilie simu. Simama pale kilimani kama alivyosimama mgeni mmoja mwaka 1861, huna chochote ila dira, saa na daftari. Unauona mlima. Unaweza kunyoosha kidole ukasema "ule pale". Lakini kidole kinakupa upande tu, hakikupi umbali. Mlima mdogo ulio karibu na mlima mkubwa ulio mbali vinaweza kukaa kwenye ncha ya kidole kilekile.

Mgeni huyo ni John Hanning Speke. Yeye na mwenzake James Augustus Grant walifika kwa Omukama Rumanyika wa Karagwe mwishoni mwa Novemba 1861, wakiwa njiani kutafuta chanzo cha Nile. Rumanyika aliwapokea vizuri, na habari za nchi za jirani alikuwa nazo nyingi kuliko ramani yoyote ya Ulaya ya wakati ule. Grant aliumwa mguu akabaki Karagwe, Speke akaondoka Januari 1862 kuelekea Buganda. Akiwa hapa Karagwe, Speke aliviona vile vilele vya magharibi. Aliviita Mfumbiro, jina ambalo bado unalisikia ndani ya jina Bufumbira kule Kisoro, Uganda. Akakadiria urefu wake kuwa futi 10,000, akavichora kwenye ramani yake. Hakuwahi kufika huko.

Futi 10,000 ni kama mita 3,000. Karisimbi, kilele kirefu kuliko vyote vya Virunga, kina mita 4,507. Muhabura, kilicho karibu zaidi na sisi, kina mita 4,127. Yaani Speke aliipunja milima kwa zaidi ya kilometa nzima. Simlaumu sana, mtu anayekadiria urefu wa kitu kilicho mbali lazima kwanza ajue umbali, na umbali ndio hasa aliokuwa hana.

Basi tuupate huo umbali, wewe na mimi, kwa hesabu ya darasani ambayo wengi tuliisoma kwa ajili ya mtihani tu tukaiacha hapohapo.

Chukua pembetatu. Kona zake tuziite A, B na C. A na B ni vilima viwili vya kwetu, C ni mlima wa mbali. Pembe zilizo ndani ya umbo, kwenye kila kona, ndizo pembe za ndani. Sasa urefushe upande wa AB upite B uendelee mbele, kama barabara inayopita kijiji bila kusimama. Pembe iliyopo kati ya hiyo barabara iliyoendelea na upande wa BC ndiyo pembe ya nje ya kona B. Hapa wanafunzi wengi huteleza: wanadhani pembe ya nje ni eneo lote lililobaki kuzunguka kona, yaani 360 ukitoa ile ya ndani. Hapana. Pembe ya nje inapatikana kwa kurefusha upande, kwa hiyo ikijumlishwa na jirani yake ya ndani wanajaza mstari mnyoofu, nyuzi 180.

Sasa simama pale B, chora mstari sambamba na AC, ukianzia miguuni pako. Mstari huo unaigawa pembe ya nje vipande viwili. Kipande cha chini kinalingana na pembe ya A, kwa sababu ni mistari miwili sambamba inayokatwa na barabara ileile. Kipande cha juu kinalingana na pembe ya C, kwa sababu BC inakatiza katikati ya mistari miwili sambamba na kuacha pembe sawa pande zote mbili, umbo la herufi Z. Kwa hiyo pembe ya nje ya B ni A kujumlisha C. Ongeza pembe ya ndani ya B na umepata mstari mnyoofu: A, B na C kwa pamoja ni nyuzi 180. Euclid aliziweka hoja hizi mbili pamoja katika kitabu cha kwanza cha "Elements", kama miaka 300 kabla ya Kristo, ni hoja ya 32. Imekaa hivyo miaka 2,300 na haijahitaji fundi.

Faida yake hii hapa. Unatembea kwenye barabara iliyonyooka juu ya mgongo wa kilima. Kushoto mbele yako kuna mti mkubwa ng'ambo ya bonde. Unapima: uko nyuzi 30 kutoka uelekeo wako. Unatembea kilometa 2, unapima tena: sasa uko nyuzi 60. Ile 60 ni pembe ya nje, ile 30 ni ya ndani iliyo mbali. Pembe ya pale mtini, ambako hujafika na huenda hutafika, ni 60 kutoa 30, yaani 30. Pembetatu yako ina pembe mbili zinazolingana, basi ina pande mbili zinazolingana, na upande mmojawapo umeshautembea kwa miguu. Mti uko kilometa 2 kutoka hapo ulipo. Hukuvuka bonde, hukulowa. Manahodha wamekuwa wakitumia ujanja huuhuu kwa karne nyingi kujua wako umbali gani na nchi kavu: wanasubiri pembe iongezeke mara mbili.

Turudi kwa Mfumbiro. Chukua vilima viwili vya Karagwe vilivyoachana kilometa 10 kutoka kusini kwenda kaskazini. Kutoka kilima cha kusini mlima unaonekana nyuzi 88 kutoka uelekeo wa kilima cha kaskazini. Ukifika cha kaskazini, pembe ya nje ni nyuzi 91.8. Toa: pembe ya mlimani ni nyuzi 3.8. Inatoa umbali wa kilometa 150 hivi, na ndivyo ilivyo kweli kutoka Karagwe ya kati hadi Muhabura, kwa makadirio ya jumla.

Lakini angalia jinsi ilivyo nyembamba hiyo 3.8! Pembetatu nzima ni kama mkuki. Dira ya mkononi ya msafiri, juani, mkono ukitetemeka, kukosea nyuzi moja si ajabu. Pembe ikisomeka 4.8 badala ya 3.8, mlima unasogea hadi kilometa 120. Ikisomeka 2.8, unarudi nyuma kupita kilometa 200. Kosa dogo la nyuzi moja, huku au kule, linauyumbisha mlima ndani ya upana wa zaidi ya kilometa 80, na mlima wenyewe haujui. Msafiri aliyepita mara moja, aliyeuona kwa siku chache tu ukungu ulipofunguka, angeuweka wapi kwenye ramani? Popote pale, kwa kweli.

Haya yangekuwa mambo ya wasomi kama Ulaya isingeanza kugawana nchi kwa kutumia ramani hizo.

Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani walitia sahihi mkataba wa kugawana Afrika Mashariki. Magharibi ya Ziwa Victoria walichukua latitudo ya nyuzi 1 Kusini, wakaifuata moja kwa moja hadi mpaka wa Kongo ya Mfalme Leopold. Kaskazini Mwingereza, kusini Mjerumani. Halafu wakaongeza sharti moja la kushangaza: Mlima Mfumbiro hautakuwa upande wa Mjerumani. Ukigundulika uko kusini ya mstari, basi mstari upinde uuache nje.

Soma tena. Watu waliokaa mezani Ulaya waliandika kwenye mkataba wa kimataifa kwamba mpaka utapinda kuufuata mlima mmoja ambao hakuna kati yao aliyejua uko wapi. Na haukuwa mlima mmoja. Ni safu ya volkano nane kubwa, na Muhabura peke yake uko karibu latitudo ya 1.4 Kusini, yaani zaidi ya kilometa 40 kusini ya mstari wao. Wajerumani walipoanza kufika kwenye eneo lenyewe (von Götzen alivuka Rwanda 1894), "Mlima Mfumbiro" ukawa fumbo: ni upi kati ya hii? Ubishi wa madola matatu, Uingereza, Ujerumani na Ubelgiji, ulikuja kumalizwa Mei 1910 kule Brussels, wakaigawana safu yenyewe. Ndio maana leo Muhabura uko nusu Uganda nusu Rwanda, na Sabinyo ni mahali nchi tatu zinapokutana. Watu wa Bufumbira hawakuulizwa.

Kabla ya hapo ilibidi watu waje na vyombo. Kati ya 1902 na 1904 tume ya pamoja ya Waingereza na Wajerumani, chini ya Delmé-Radcliffe na Schlobach, ilipima mpaka magharibi ya ziwa. Hawa hawakutegemea dira ya mkononi. Walitumia theodolaiti, darubini iliyofungwa kwenye duara lililochongwa mistari myembamba ya kusoma pembe, ikawekwa juu ya miguu mitatu. Walikwenda kilima kwa kilima wakifunga pembetatu.

Kwa nini pembetatu, si pembenne? Kwa sababu ya ile 180. Mpimaji mwenye akili hapimi pembe mbili na kuikisia ya tatu, ingawa Euclid anamruhusu. Anapanda vilima vyote vitatu na kuzipima zote. Halafu anajumlisha. Ikija 180, analala. Ikija 180 na dakika 2, kuna mtu kakosea mahali, na kesho mtu atapanda kilima tena na mizigo yake. (Mizigo hiyo ilibebwa vichwani na wapagazi ambao majina yao hayamo kwenye ripoti. Tunawasifu wenye darubini tu.) Pembetatu inajisema yenyewe ikiwa imedanganywa. Pembe ya tatu unayoipima bila kuihitaji ndiyo shahidi.

Na kwa pembetatu hahitaji kupima urefu wa pande zote. Anapima mstari mmoja wa msingi, kwenye tambarare, kwa uangalifu wa ajabu, siku nyingi kwa kilometa chache tu. Baada ya hapo pembe zinabeba urefu huo kutoka pembetatu moja hadi nyingine. Wazo ni la Gemma Frisius, aliyeliandika 1533. Kwetu lilikuja kwa njia ya David Gill, mnajimu wa kituo cha Cape, Afrika Kusini, ambaye alitaka mnyororo wa pembetatu kutoka Cape hadi Cairo, ukifuata longitudo ya 30 Mashariki. Mstari huo unapita kama kilometa 50 tu magharibi ya pale Kagera inapokata kona kuelekea mashariki, kwenye ncha ya Kyerwa wanapokutana Watanzania, Waganda na Wanyarwanda. Sehemu ya Uganda ilipimwa 1908 hadi 1909. Ya Tanganyika ilipimwa 1931 hadi 1933 na Martin Hotine, afisa wa jeshi la Uingereza ambaye baadaye alikuja kuongoza upimaji wa makoloni yote. Kipande cha mwisho, Sudan, kilikamilika 1954. Gill mwenyewe alishakufa miaka 40 nyuma.

Sasa kuna kitu nilikuficha, nisamehe.

Kwenye mnyororo ule pande za pembetatu hufika kilometa 50 au zaidi. Na kwenye pembetatu kubwa namna ile, pembe zikipimwa vizuri kabisa, jumla yake si 180. Ni zaidi. Kidogo sana, lakini siku zote zaidi. Mpimaji hajakosea, na Euclid naye hajakosea. Rudi kwenye ile hoja: tulichora mstari sambamba. Mistari sambamba iko kwenye ubao ulio bapa. Dunia ni mviringo, na juu ya mviringo ukianza na mistari miwili iliyonyooka ikielekea upande mmoja, mwishoni itakaribiana. Longitudo mbili ziko sambamba kabisa pale ikweta zinapoanzia, na bado zinagongana ncha ya kaskazini. Hoja ya Euclid inahitaji ubapa, ukiutoa ubapa ile 180 inavuja.

Inavuja kwa kipimo kinachojulikana: sekunde 1 ya pembe kwa kila kilometa za mraba 197 hivi za eneo la pembetatu. Sekunde ni sehemu moja ya 3,600 ya nyuzi. Shamba lako la ekari tano halitakuonyesha kitu. Lakini pembetatu yenye pande za kilometa 50 kila mmoja ina eneo la kilometa za mraba 1,080 hivi, kwa hiyo inazidi 180 kwa sekunde 5 na nusu. Wapimaji wa mnyororo ule walitaka kosa lisizidi sekunde moja hivi kwa pembetatu. Sekunde 5 kwao ni jambo kubwa, ilibidi watoe kwanza ziada ya mviringo ndipo wajue kosa lao wenyewe. Mimi kila nikifikiria hili nasisimka: watu wamekaa kilimani usiku, wakisubiri taa ya mwenzao ng'ambo, wanajumlisha namba tatu, na ndani ya sekunde tano zilizobaki wanauona mviringo wa dunia nzima.

Hizi namba bado zinaishi. Jina Arc linalotokea kwenye ramani zetu, Arc 1960, linatokana na mnyororo huohuo wa longitudo ya 30. Ramani za skeli ya 1:50,000 za Tanzania, zile karatasi kubwa zinazokaa ofisi za ardhi, zimejengwa juu ya Arc 1960. Simu yako inatumia mfumo mwingine, WGS 84, unaotokana na setilaiti. Pointi ileile, kwa latitudo na longitudo zilezile, ukiihamisha kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine bila kubadilisha, inaruka karibu mita 300. Nyakatuntu mita 300 ni kutoka shambani kwako hadi kwa jirani wa tatu. Kama mtu amekuja na namba za simu na karatasi ya ramani ya zamani, na anataka kukuonyesha mpaka wako unaishia wapi, muulize kwa heshima kabisa: namba hizi ni za mfumo gani? Akibabaika, msitie sahihi kwanza.

Tunajua mstari uliochorwa vibaya au vizuri unaweza kufanya nini. Ule wa latitudo ya 1 Kusini uliacha kipande cha nchi yetu kaskazini ya Mto Kagera, kama kilometa za mraba 1,800. Mtu anayetazama ramani haraka anaona mto ndio mpaka wa kawaida na huo mstari ni kituko. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia kipande hicho, na tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kuwa mto ndio mpaka mpya. Daraja la Kyaka likavunjwa. Wazee wa Kagera watakusimulia yaliyofuata vizuri kuliko mimi.

Jambo la mwisho, na hili linahusu mawe. Juu ya vilima vingi vya nchi hii kuna alama za wapimaji: kiguzo cha zege, bomba la chuma, rundo la mawe. Watu wengi huamini ni mali ya Mjerumani, kwamba chini yake kuna rupia au zebaki. Wanachimba usiku. Wanakuta zege, na chini ya zege udongo. Jiwe likishang'oka hata ukilirudisha palepale kwa jicho halifai tena: sekunde moja ya pembe kwa umbali wa kilometa 50 ni sentimeta 24 tu, na wewe umelirudisha kwa kukisia. Basi ukikutana na jiwe la namna hiyo kwenye kilima cha kwenu, hazina yake iko juu. Simama hapo, nyosha mkono mmoja kilima cha kulia na mwingine cha kushoto. Pembe iliyo kati ya mikono yako kuna mtu aliipima, na vilima vile viwili vingine alivipanda pia.